Mshika Kamba Ndiye Huanza

1

Siku niliyoagwa kazini nilipewa godoro, mablanketi mawili, na maisha yangu yote yaliyobaki yakiwa yameshapangwa. Godoro nililipenda.

Nilikuwa nimeketi mbele ya ukumbi wa Kituo cha Umeme wa Upepo pale Makambako, nimevishwa shada la maua ya plastiki, natabasamu mpaka mashavu yanauma. Wafanyakazi waliingia wakicheza, godoro juu ya vichwa, spika zinapasua masikio, mshereheshaji anapiga kelele kwamba mama yetu Skolastika Kikoti, malkia wa minara, anakwenda kula matunda ya jasho lake. Niliinuka nikacheza kidogo ili wasiseme naringa. Lakini macho yangu yalikuwa yanamtafuta mtu mmoja tu, Generosa Mapunda, niliyefanya naye kazi tangu ujana, aliyestaafu kabla yangu kwa sababu ya mapafu. Alikuwa ameniapia kwamba hata kwa machela atakuja kuniaibisha mbele ya wakubwa. Kiti chake kilikuwa kitupu.

Kisha muziki ukazimwa, ikawa zamu ya Liwazo.

Liwazo hana umbo. Ni sauti ya kike, pole kama ya muuguzi, inayotoka kwenye kikuku cha mkononi anachovalishwa kila mfanyakazi wa nchi hii akifikisha miaka hamsini. Zamani mtu alipewa kiinua mgongo mkononi, akanunua vifaranga, vifaranga vikafa kwa kideri. Akanunua gari la biashara, gari likaishia juu ya mawe. Baada ya muda mfupi mstaafu yuko kwa mwanawe anangoja kuitwa kula. Ndipo wakubwa wakaamua kwamba mtu asipewe fedha, apewe maisha. Liwazo anakusikiliza miaka kumi, kazini na nyumbani. Anapima maneno yako, joto la sauti yako na mapigo ya moyo wako, na siku ya kuagwa anakutangazia utakavyoishi mpaka kufa, mbele ya watu, ili washangilie.

"Hongera, Bi. Skolastika," akasema. "Utaishi Lupembe, katika nyumba ya vyumba viwili yenye jiko la nje. Utakuwa na miparachichi na mizinga ya nyuki. Jumapili utaimba sauti ya pili katika kwaya ya kigango."

Moyo ulinijaa furaha. Nyumba ile tuliijenga mimi na Generosa kwa maneno, miaka na miaka, tukiwa tumekaa juu ya mnara tunakula viazi vya baridi. Jiko la nje lilikuwa wazo lake, kwa sababu alidai napika moshi. Basi Liwazo alikuwa ametusikia. Nikaanza kumpenda yule mdudu wa mkononi.

"Chumba cha pili ni cha wageni," Liwazo akaendelea. "Na ili upumzike kwa amani, tumekuepusha na mtu mmoja aliyekuumiza kwa maneno katika miaka yote ya kazi yako. Generosa Mapunda hataweza kukufikia tena."

Watu walipiga makofi. Waliotufahamu waliacha mikono hewani, wakatazamana. Vijana wapya waliendelea kupiga, na mshereheshaji akaniletea keki nimlishe meneja. Nilimlisha. Mpaka leo najuta kwamba sikumpaka usoni.

2

Acha niieleze kazi yetu, maana Liwazo aliisikiliza miaka kumi na hakuielewa hata siku moja.

Mapanga ya ile minara, yale yanayozunguka, huliwa na upepo wenye vumbi. Lazima mtu ashuke kwa kamba pembeni mwa panga, akwangue, azibe nyufa kwa gundi, apige msasa. Mtu huyo nilikuwa mimi. Juu kabisa ya mnara hukaa mshika kamba, na kwa vile panga limepinda, hakuoni. Anakusikia kwenye redio tu. Maelekezo ya usalama yalitaka mshika kamba aulize, "Uko salama?" na aliye chini ajibu, "Niko salama." Upuuzi mtupu. Mtu anaweza kujibu hivyo huku akili imeshaganda kwa baridi au imeleweshwa na gundi. Mdomo unajibu wenyewe, kama kanisani.

Generosa ni Mngoni, mimi Mhehe. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, wakaishia kuwa watani, na mtani ana ruhusa ya kukutukana mchana kweupe na wewe huna ruhusa ya kununa. Basi Generosa akayatupa yale maelekezo. "Wewe mla mbwa," alikuwa anaita kutoka juu, "kuna mbwa mnene kapita huko chini, nikulegezee kamba umfuate?" Na mimi ilibidi nijibu kitu kipya, siyo cha jana: "Kaza kamba, mkimbizi wewe. Ukoo wenu ulikimbia kutoka kusini mpaka pumzi ikawaishia Songea." Tusi jipya linahitaji kichwa kinachofanya kazi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yetu: mshika kamba ndiye huanza, na aliye chini lazima ajibu. Asubuhi moja ya Julai aliniita jina baya sana, nikajibu, "Sawa." Sawa tu. Hakuuliza mara ya pili. Alinivuta juu, akakuta midomo imegeuka buluu na sikumbuki jina la mwanangu.

Mtani pia ana ruhusa ya kuchukua kitu chako, na wewe ukidai umekosa adabu. Kofia zangu ngumu za kazi ziliishia kwake, ikabaki moja tu. Na siku tulipomzika mume wangu, Generosa alivaa koti la marehemu, akatembea kwa mwendo wake wa kuburuta mguu, akaenda kulala pembeni mwa kaburi akidai kwamba hatoki mtu hapa mpaka huyu Mhehe aamke amrudishie mwavuli wake. Nilicheka siku ya kumzika mume wangu. Bila kicheko kile nisingefika nyumbani kwa miguu yangu mwenyewe.

Huyo ndiye waliyeniepusha naye.

Nilikwenda Njombe, ofisi ya Wakala wa Ridhaa, wanaomwendesha Liwazo, nimefura. Aliyenipokea alikuwa afisa mmoja kijana, mtu wa Kagera, jina lake Evodius, shati limenyooka, meza haina hata kalamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nirudishieni mtu wangu."

Hakubishana. Alinivutia kiti, akagusa ukuta, na sauti ya Generosa ikajaa chumbani, na upepo nyuma yake: *Leo ukidondoka, Mhehe, usituharibie ratiba. Dondoka saa ya chakula.* Nilicheka kwa sauti. Nilikuwa sijaisikia sauti ile kwa majuma. Evodius alinitazama kwa huruma.

"Wengi hucheka, mama. Ni namna ya kujikinga na maumivu."

"Kujikinga nini? Nacheka kwa sababu inachekesha!"

"Tazama mapigo ya moyo wako." Mstari mwekundu ulipanda na kushuka ukutani. "Kila akizungumza na wewe, moyo unakimbia. Hiyo ni dalili ya hofu."

"Nilikuwa nimening'inia angani, mwanangu! Moyo ulitakiwa ufanye nini, usinzie?"

"Na nyumbani? Akija kwako jioni moyo unakimbia vilevile."

"Nyumbani nilikuwa nacheka mpaka nakojoa."

"Kwenye mapigo, kicheko na kilio vinakaribiana sana," alisema, na hapo ndipo nilipotamani kuipindua meza yake, maana alisema kwa upole wa kweli. Hakuwa na dharau hata chembe. Mtu mwenye dharau unajua pa kumkamata.

Nikamuuliza kama kwao hakuna watani.

"Utani naufahamu, mama. Tulifundishwa shuleni. Lakini Liwazo alifundishwa kwa sauti za nchi nyingi, na waliomtengeneza walionelea kwamba akikosea, ni bora akosee kwa kumlinda mtu kuliko kumwacha aumie." Akasogeza kiti. "Mama yangu alitukanwa na baba maisha yake yote. Majirani walikuwa wanasema, ah, wale wanataniana tu. Sisi watoto tulisema hivyo hivyo. Liwazo ndiye wa kwanza kusikia. Sasa hivi mama anafuga bata wake, analala usingizi. Nikifungua mlango huu kwa ajili yako kwa sababu umesema ni utani, kesho nitamfungulia nani?"

Ilikuwa kama mama yake amekaa pale kati yetu, pamoja na bata wake, na mimi sikuwa na haki ya kumfukuza.

"Kwa hiyo mimi na huyo mama yako lazima tutibiwe kwa dawa moja," nikasema.

"Ipo njia." Alinionyesha kitu kidogo kama punje ya mchele, kimelala ndani ya kichupa. "Tunaita kulainisha. Punje hii huwekwa nyuma ya sikio. Inalisoma neno kali kabla halijafika ulimini, na neno linayeyuka. Haiumi. Baada ya majuma machache ubongo unaacha hata kulitafuta. Aliyelainishwa anaruhusiwa kukaa na yeyote. Bi. Generosa ameshaulizwa, amekubali. Lakini sheria inataka na aliyeumizwa akubali, kwa sauti yake. Yaani wewe."

"Kwa nini yeye? Mimi sikutukana? Sikiliza hizo kanda zenu, nina mdomo mchafu kuliko wake!"

"Ni kweli. Ila katika kanda zote, mama, yeye ndiye anayeanza."

Mshika kamba ndiye huanza. Wangekuwa wamemuuliza mtu yeyote pale kituoni, hata mpika chai, angewaambia.

"Punje ikitolewa baadaye, anarudi kuwa alivyokuwa?"

"Punje inatoka. Njia zilizofungwa kichwani hazifunguki."

"Na tukijitoa kwenye mpango wenu sote wawili? Tukakae kwangu, bila nyumba yenu, bila nyuki wenu?"

"Mnaweza, hamjafungwa." Aliangalia mikono yake. "Lakini mashine ya pumzi ya Bi. Generosa ni mali ya mpango."

"Kwa hiyo mnaniambia nichague, nimuue au nimkate ulimi."

"Mimi sijasema hivyo, mama."

"Hujasema. Umepanga."

3

Gari la Wakala lilikataa kunipeleka. Nilisema, "Wanging'ombe," alikopangiwa Generosa nyumba, mlango ukafungwa, Liwazo akasema njia hiyo haiufai utulivu wangu, akapendekeza niende kutazama maua. Nilishuka nikalitukana lile gari kwa Kihehe mpaka nikasikia nafuu, kisha nikadandia lori la viazi. Dereva alikuwa mtu wa maneno machache, na aliponiona nalia kwa hasira alinipa kiazi cha kuchoma na kuongeza sauti ya redio. Kikuku kilitetemeka njia nzima kama nyuki aliyenaswa kwenye chupa.

Nyumba ya Generosa ilikuwa nzuri. Niseme ukweli, ilikuwa nzuri kuliko yoyote aliyowahi kuishi, na bustani yenye kabichi zilizopangwa kwa mstari. Geti halikunifungukia. Nilizunguka nyuma, nikapita katikati ya kabichi bila kuangalia ninapokanyaga, nikafika dirishani. Alikuwa amekaa kitandani, mrija puani, amekonda, mashine inapumua pembeni yake.

"Umechelewa, mla mbwa," akasema. "Nilidhani umeona mfupa njiani."

Kikuku chake kikalia. Changu kikalia. Liwazo akaanza kusema kutoka mikono yote miwili kwamba tumekaribiana kinyume na mpango, nikavuta mkono wa sweta nikakifunika.

"Wewe umekubali upuuzi gani?" nikamuuliza. "Nani alikutuma ukubali?"

"Nimeshasema ndiyo. Bado wewe."

"Sisemi."

"Skola."

Alikuwa hajawahi kuniita hivyo. Miaka yote nilikuwa Mhehe, nilikuwa mla mbwa, nilikuwa majina mengine ambayo padri hawezi kuyasikia. Niliposikia jina langu nilishika nondo za dirisha.

"Unajua nyumba hii ina nini?" akasema, akisimama kila baada ya maneno machache ili avute hewa. "Ina kila kitu. Anakuja dada kunisuka. Inacheza nyimbo ninazopenda kabla sijazitaja. Kila asubuhi naulizwa nimelalaje, na hakuna mtu hata mmoja wa kumwambia mjinga wewe, unadhani nimelalaje na huu mrija? Juzi nilijitukana mwenyewe kwenye kioo. Nikangoja nijibiwe."

"Tutajitoa. Nitakupeleka hospitali mgongoni kila siku, nina miguu."

"Na hewa? Utanipulizia wewe? Kwa pumzi hiyo ya kitunguu?" Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na nilisimama pale nje kama mwizi nikiangalia mashine ikimsaidia kwa sababu mimi sikuweza kupita kwenye nondo. Kilipotulia, uso wake ulikuwa umelowa.

"Wakikulainisha hutakuwa wewe," nikasema.

"Nitakuwa kitu chenye joto kimekaa pembeni yako."

"Mimi sitaki kitu! Kitu ninacho, nimepewa godoro!"

"Unajifikiria wewe tu!" Hasira yake ilimwinua kutoka kwenye mto. "Unataka nife na mdomo wangu mkali, peke yangu humu, ili wewe ukae Lupembe unikumbuke vizuri. Hilo siyo pendo, Mhehe, huo ni uchoyo. Mdomo ni wangu. Nimekushika nao hai miaka yote ile. Sasa nataka kuutoa, na ninautoa kwa sababu yako, na wewe unaniletea mashauri dirishani na kunikanyagia kabichi!"

Na kama nilikuwa mchoyo je? Nimeligeuza jambo hilo kila siku tangu wakati ule na sijapata upande wake ulio safi. Nikisema hapana, nimemfungia ndani na sauti ya muuguzi mpaka afe. Nikisema ndiyo, nimewasaidia kumtoa mtu ndani ya mtu. Wakubwa waliopanga haya hawakulala macho hata siku moja kuyafikiria. Walituachia sisi, wazee wawili, mmoja ndani ya dirisha na mmoja nje, tugombane.

"Mara ya mwisho," nikasema. "Nitukane."

Alinitukana. Tusi lenyewe sitaliandika hapa. Lilikuwa jipya kabisa, lilimgusa babu yangu, mbwa watatu na papa mmoja, na lilikuwa refu kiasi kwamba ilibidi avute hewa katikati. Vikuku vyote viwili vilipiga kelele kama kuku wameona mwewe. Nilicheka nimeegemea ukuta mpaka nikachuchumaa. Kisha nikafunua mkono wa sweta.

"Nimekubali," nikamwambia Liwazo. "Na mlaaniwe."

Liwazo alinishukuru kwa ushirikiano wangu.

4

Walimleta Lupembe baada ya majuma kadhaa, mvua za kwanza zilipokuwa zinaanza. Alishuka garini kwa mkongojo, kitambaa kichwani, mashine yake inamfuata kwenye magurudumu. Nilimngoja kibarazani na tusi nililolitunza tangu siku ya dirishani.

"Karibu, mkimbizi," nikasema. "Hapa ndipo mwisho wa kukimbia, mbele kuna ukuta."

Alinitazama. Nikaona kitu kinaanza usoni mwake, pembe ya mdomo ikasogea, na kikafutika palepale, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

"Asante sana, dada yangu Skolastika," akasema. "Umependeza. Nyumba ni nzuri."

Niliingia jikoni nikavunja sahani. Nilivunja ya pili kwa makusudi zaidi.

Nilidhani nitazoea. Asubuhi alikunja blanketi lake, akanisifia uji. Uji ulikuwa umeungua! Generosa niliyemjua angewaita majirani waje waone. Alikaa kibarazani akitazama miparachichi na kusema kila kitu ni kizuri, hewa ni nzuri, mimi ni mzuri. Usiku nilimsikia akipumua upande wa pili wa ukuta na nilishukuru, kisha nikakasirika kwa kushukuru. Kila siku nilimrushia maneno. Nilimwita kila jina. Nilifanya kazi ya mshika kamba, nilianza mimi, nikangoja ajibu, na kila siku lilirudi jibu moja kutoka chini kule: sawa, dada. Sawa. Na safari hii kamba ya kumvuta sikuwa nayo.

Siku moja tunakula mchana, nikiwa katikati ya tusi, Liwazo akaingilia.

"Bi. Skolastika, tumesikia maneno makali kutoka kwako kila siku. Bi. Generosa hajajibu hata mara moja. Bi. Generosa, unaumizwa? Ungependa tukuepushe na mtu huyu?"

Niligeuka nimtazame Generosa. Alikuwa anafuta mdomo kwa kitambaa, ametulia.

"Kama mnaona inafaa, ndugu zangu," akasema, "mimi sina neno."

Wale hawakumwondolea matusi tu. Walimwondolea na neno hapana. Punje ile haikujua kutofautisha, kwake neno lolote lenye mfupa lilikuwa tusi. Na Evodius na shati lake, na mama yake na bata wake, sijui kama alilijua hilo. Kama alilijua, Mungu amhukumu. Kama hakulijua, amhukumu zaidi.

"Tutafuatilia kwa siku chache kabla ya kuamua," Liwazo akasema.

Basi nikanyamaza. Mimi, Skolastika Kikoti, niliyeambiwa na mama yangu kwamba nilizaliwa nikigomba, nilimeza kila kitu. "Pokea chai, dada." "Asante, dada." "Mvua imenyesha, dada." "Imenyesha kweli, dada." Tulikuwa kama watu wawili wanaosoma tangazo la kifo. Liwazo alitutangazia kwamba kiwango chetu cha ridhaa kimepanda. Nilijaa hasira mpaka meno yakawa yananiuma nikiamka.

Asubuhi moja nilikwenda kuchukua kofia yangu ngumu ukutani. Ile ya mwisho, pekee ambayo Generosa hakuwahi kuiiba. Ninaivaa ninapotoa asali. Msumari ulikuwa mtupu. Nilitafuta chini ya kitanda, jikoni, kwenye mizinga. Hasira ikanipanda, nikatoka kibarazani nimuulize kwa upole wetu ule wa kutapisha kama ameiona.

Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, mrija puani, mikono magotini, uso umetulia kama wa mtu anayengoja komunyo. Kichwani amevaa kofia yangu. Ameivaa nyuma mbele.

"Umeamkaje, dada yangu mpendwa?" akaniuliza.

Nilisimama. Niliangalia kikuku chake, kimya. Changu, kimya. Kilikuwa kinasikiliza maneno, na maneno yote yalikuwa mazuri. Hawakufikiria mikono. Hakuna aliyewaambia kwamba mtani huiba.

Niliyatazama macho yake. Sitadanganya kwamba niliona mtu mzima amerudi. Sijui alikuwa amebaki kiasi gani ndani mle, na kiasi kile kilikuwa kimetambaa umbali gani usiku kucha, na mashine ile ya magurudumu, mpaka kwenye msumari wangu. Lakini mshika kamba alikuwa ameanza. Na aliye chini lazima ajibu.

"Nimeamka salama, dada yangu," nikasema. "Ngoja nikuwekee miguu vizuri."

Nikainama, nikamvua kandambili ya kushoto, nikarudi nyuma hatua moja, nikairusha juu ya bati kwa nguvu zangu zote za hasira. Ilitua kwa kishindo, ikabiringika, ikanasa kwenye bomba la maji ya mvua.

"Bi. Generosa," Liwazo akauliza mara moja, "tumesikia kishindo. Uko salama?"

Generosa aliutazama mguu wake mtupu. Akalitazama paa. Alivuta hewa polepole, mara mbili, na kofia ikamtelemkia hadi kwenye nyusi.

"Niko salama, mwanangu," akasema, kwa sauti tamu kuliko asali yote niliyowahi kuitoa mizingani. "Ni parachichi limeanguka."

Liwazo alimshukuru.

Miparachichi yetu ilikuwa ndiyo kwanza inatoa maua.